Wa Kumi na Nne

"Nani alikutuma umpake dawa siku ile?"

"Nitumwe na nani, kwani mimi mfanyakazi wako? Nampaka tangu ana siku tatu."

"Siku ya wageni, mama. Siku ya wageni wa besiboli unamchua mtoto mpaka sebule inanuka kama wodi."

"Wodi gani unayoijua wewe? Wewe uliyelia sindano ya tetenasi mpaka nesi akatoka nje kucheka."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii. Sogea, mbaazi zinaungua."

"Umemmaliza Abi, mama. Kwa mikono yako mwenyewe."

Hapo akazima jiko. Mama yangu anaitwa Iraida, na mtaa mzima hapa Patillas, mji wetu wa kisiwani, unamwita kwa heshima Doña Iraida, hata wanaomzidi umri. Sijawahi kumwona anazima jiko chakula kikiwa nusu. Akaweka mwiko juu ya sufuria, akafuta mikono kwenye gauni, akanitazama.

"Rudia."

Sikurudia. Simu ya Don Cheo, yule msaka vipaji, ilikuwa imekatika dakika kumi tu zilizopita. Picha ya kiwiko cha mdogo wangu ilikuwa imerudi kutoka San Juan, ile picha ya kulazwa ndani ya mashine inayopiga kelele. Mshipa wa ndani wa kiwiko umechanika zaidi ya nusu. Dawa yake kisu, halafu mwaka mzima bila kurusha, pengine na zaidi. Siku ya timu kubwa kuchagua vijana ni Julai. Sisi tulikuwa Machi. Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha shule darasa la kumi naiweza.

"Aliniomba mwenyewe," mama akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kiwiko. Tangu Desemba ananiambia, mama, nichue hapa. Nikasema ni uchovu, mtoto anakua. Wewe ndiye unamdakia mipira kila siku. Wewe hukujua?"

"Ningejuaje?" nikasema.

Nilisema hivyo hivyo, nikiwa namtazama machoni.

Nieleze tangu mwanzo, maana bila mwanzo mtadhani mama ndiye mwenye kosa, na mimi nimeshawaacha watu wengi wadhani hivyo.

Abimael ana miaka kumi na saba. Ni mrushaji, mkono wa kulia, futi sita na inchi mbili, miguu mirefu kama ya korongo. Mimi Obed, ishirini na tatu, mdakaji. Mdakaji ndiye anayechuchumaa kule mwisho na glavu nene, anapokea kila kitu anachorusha mwenzake. Kazi yangu ya mchana ni kuziba pancha kwenye gereji ya Papo. Kazi ya jioni ilikuwa kuchuchumaa mbele ya mdogo wangu. Baba yetu yuko Orlando na familia nyingine, kwa hiyo aliyemfundisha Abi kushika mpira ni mimi. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Januari orodha ikatoka. Kila mwaka wale wanaofuatilia vijana huandika mapema nani wa kuangaliwa, miezi sita kabla ya siku yenyewe. Wanaandika urefu, uzito, kasi ya mpira, tabia. Wanafunzi wa Marekani nzima wamo, na sisi wa kisiwani tumo kwenye chungu hicho hicho. Abi alikuwa wa kumi na nne. Sisemi wa kumi na nne Patillas, nasema wa kumi na nne kati ya wote wa sekondari. Nikaenda duka la dawa wanakotoa kopi, nikachapisha ukurasa, nikaubandika gereji juu ya mashine ya upepo.

Walikuwa wameandika hivi: maili tisini na nne kwa saa, mpira wa kupinda unaokata kona ghafla, na mkono ambao haujatumika sana. Hilo la mwisho walilipenda kuliko yote. Mkono mpya. Mkono ambao haujachoshwa.

Papo akasoma akiwa na soda mkononi.

"Huyu Abi. Na wewe wamekuweka wapi?"

"Mimi si mwanafunzi."

"Naona wamekuweka huku chini. Hapa kwenye tangazo la viatu."

Gereji yote ikacheka. Na mimi nikacheka. Nikaziba tairi la gari la mkate nikiwa bado nacheka, na ndani nilikuwa nawaka.

Februari, Jumamosi moja, Don Cheo akaleta mgeni. Don Cheo Quiñones ni msaka vipaji wa timu moja kubwa huku kwetu, mzee wa Guayama, kofia haitoki kichwani hata kanisani. Mgeni alikuwa bosi wake kutoka kaskazini, Bwana Grady, mrefu, mwekundu, hajui neno la lugha yetu zaidi ya asante. Asubuhi walimwona Abi uwanjani. Tochi zilikuwa tatu nyuma ya wavu, zile za kupimia mwendo kama za trafiki, na zote tatu ziliandika tisini na tano. Bwana Grady akaandika kitu kwenye kidaftari, akakipigia mstari chini. Niliuona ule mstari. Mpaka leo nikifumba macho nauona.

Mchana wakaja nyumbani. Ndivyo wanavyofanya wakikutaka kweli. Wanakuja kuona unaishi na nani, mama yako ni mtu wa namna gani, kama kaka yako ni mlevi. Mama alipika tangu alfajiri: wali na mbaazi, nyama ya nguruwe, ndizi za kupondwa na kukaangwa. Na kabla hawajafika, kwa sababu Abi alitoka uwanjani, kwa sababu ndivyo anavyofanya siku zote, akachukua chupa ya alkoholado akamchua.

Huku kwetu hakuna nyumba isiyo na alkoholado. Ni spiriti ya kijani yenye majani ndani. Kichwa kikiuma unapakwa, mbu wakikuuma unapakwa, mtu akizimia msibani anapakwa. Nimekua nayo, siinusi tena. Lakini walipoketi tu, umeme ukakatika. Feni ikasimama. Madirisha mama alikuwa amefunga kwa ajili ya vumbi la barabara. Dakika mbili, sebule nzima ikawa harufu hiyo.

Don Cheo akavuta pumzi, akatabasamu.

"Hii harufu ya bibi yangu," akasema. Akamgeukia Abi. "Unaumwa wapi, baba?"

Sasa hapa ndipo mtu wa nje hawezi kuelewa. Don Cheo hakuwa anachunguza. Ni kama chafya. Mtu akipiga chafya unamwombea afya, mtu akinuka alkoholado unamuuliza anaumwa wapi. Na wewe ukiulizwa na mtu mzima unajibu. Unasema kichwa, unasema mgongo, anasema pole, basi, mnaendelea kula. Ukisema huumwi popote unaonekana mtoto mkaidi anayewaficha wakubwa. Abi amelelewa vizuri.

"Hapa, Don Cheo," akasema, akashika kiwiko. "Nikirusha sana. Na kidole cha mwisho kinakufa ganzi."

Akasema huku anampitishia Bwana Grady sahani ya ndizi.

Don Cheo hakusema pole. Tabasamu lilibaki mdomoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Bwana Grady akauliza kitu kwa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha matairi na mabango, lakini hilo nililielewa: amesemaje? Don Cheo akanitazama mimi. Sijui alitaka nini kwangu. Labda niangushe glasi, labda niseme dogo anatania. Nikainamisha kichwa kwenye wali. Yule mzee akatafsiri, neno kwa neno. Simlaumu. Ni kazi yake, na ana watoto.

Bwana Grady alikula chakula chote. Akamsifia mama mbaazi. Akatoa kile kidaftari, akaandika, akakifunga. Jumatatu wakaomba picha.

Kwa hiyo ndiyo, kama mama asingempaka, Don Cheo asingeuliza. Hilo ndilo nililompigia kelele jikoni. Lakini alkoholado haichani mshipa.

Mshipa ulianza kuchanika Novemba, na mimi nilikuwepo, nilikuwa nimechuchumaa hatua kadhaa mbele yake. Mdakaji anajua kabla ya daktari, kabla ya mama, wakati mwingine kabla ya mrushaji mwenyewe. Mpira wa Abi ulikuwa unafika kwenye glavu na mlio mmoja, pa, mkavu, kama mlango wa gari jipya. Novemba mlio ukabadilika. Ukawa mpana. Mpira ukaanza kukimbilia kulia, nje, kama unakwepa kitu. Na kila baada ya kurusha, Abi alikuwa anakung'uta vidole pembeni ya paja, akidhani sioni.

Nikamwendea kwenye kichuguu cha kurushia.

"Vipi?"

"Kiwiko kinavuta, kaka."

"Kila mrushaji kinamvuta. Unataka kulala na Januari orodha inatoka?"

"Sijasema nataka kulala."

"Basi rusha. Na usimwambie mama, atakufunga matambara mpaka masikioni."

Akacheka. Akarusha.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jumapili nikampeleka tena Arroyo, mji wa jirani.

Hapo sasa. Jumapili kuna ligi ya watu wazima, mafundi, mapolisi, walimu, wanaume wenye vitambi na magoti mabovu. Mimi huwa nadakia timu moja ya huko. Abi hakuruhusiwa, umri bado, na kocha wake wa shule alikuwa amempangia mipira ya kuhesabika kwa wiki, haizidi. Kwa hiyo tuliandika jina la binamu yetu kwenye karatasi. Kuanzia Septemba mpaka wiki ya Krismasi alirusha kila Jumapili, mipira tisini, mipira mia, mara moja mia na kumi kwa sababu mechi ilirefuka. Shuleni na kwa wenye orodha hakuna aliyejua. Ndiyo maana ile orodha ikaandika mkono ambao haujatumika sana.

Nilijiambia namkomaza. Na walioniuliza baadaye niliwaimbia wimbo huo huo: nilikuwa namkomaza dogo dhidi ya wanaume.

Ukweli ni kwamba Abi akirusha Arroyo, watu walikuja. Habari ilisambaa kuna kijana anarusha moto kwa jina la uongo. Wasaka vipaji wadogo wadogo walianza kusimama kwenye wavu Jumapili, wa ligi za Meksiko, wa timu za kulipwa kidogo. Na ukimtazama mrushaji lazima utamtazama na anayemdakia. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mikono inanuka mpira wa tairi. Nilikuwa nadaka vile vitu vya maili tisini na nne bila kuangusha hata kimoja. Nilisema moyoni, kati ya hawa, mmoja atauliza yule mdakaji ni nani.

Hakuuliza hata mmoja.

Baada ya ile simu ya Don Cheo nyumba ikawa kimya. Timu zilizokuwa zinapiga kila wiki zikaacha, moja moja, kama taa za barabarani zinavyokufa. Aprili orodha mpya ikatoka. Nikaisoma kwenye simu nikiwa chini ya lori. Nikaisoma mara mbili, nikadhani nimeruka mstari. Wa kumi na nne alikuwa mtoto wa Texas. Nikashuka mpaka mia. Abi hayumo. Hawakuandika hata kwamba ameumia. Walimtoa tu.

Papo alibandua ule ukurasa wa ukutani mwenyewe. Hakutania. Ningependa angetania.

Na siku moja nilipotoka kuoga nilisikia mama anaongea chumbani kwa Abi.

"Nisamehe, baba," alikuwa anasema. "Mimi ni mjinga. Nilikupaka siku ya wageni."

"Mama, acha."

"Ningekuacha unuke jasho tu. Jasho halina kosa."

"Mama, si wewe. Acha kulia."

Nilisimama kwenye korido na taulo kiunoni. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono. Ningesukuma. Maneno yalikuwa manne tu, mama, ni mimi, nilijua. Nikaenda kuvaa viatu, nikaenda kazini saa moja kabla ya muda.

Tarehe ya kupasuliwa ikapangwa Juni. Mei nikapata kijana mmoja, msaka vipaji wa timu nyingine, mpya kazini, ana njaa. Nilimbana kwenye simu wiki mbili. Nikamwambia picha zinadanganya, kuna warushaji wamerusha miaka na mshipa umechanika, dogo amepumzika miezi miwili, njoo uone kwa macho yako. Akakubali kuja Jumamosi saa nne asubuhi.

Abi nilimwambia mezani, mama akiwa dukani.

"Daktari kasema nisirushe."

"Mipira kumi. Siyo mechi. Akiona tisini tu, watakuchagua hata raundi za mwisho, watakupasua wao kwa madaktari wao. Wewe unajua hospitali ya hapa ilivyo."

Alikuwa anachora na uma kwenye sahani.

"Wewe unaona nitaweza?"

"Mimi nakudakia tangu una miaka sita. Naona."

"Ukisema wewe, kaka," akasema. "Sawa."

Uwanja ulikuwa umelowa kidogo, mvua ya alfajiri. Yule kijana alisimama nyuma yangu, nje ya wavu, tochi mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine. Abi akapanda kichuguu, akapiga piga udongo na kiatu, akanitazama kwenye glavu kama alivyonitazama maisha yake yote, anasubiri nimwonyeshe wapi. Nikamwonyesha katikati.

Wa kwanza ukafika polepole. Nilisikia nyuma yangu kijana akibonyeza kitu. Nikageuka nusu, nikaona namba. Themanini na moja. Nikasema kwa sauti, unapasha moto, vizuri. Wa pili themanini na mbili. Wa tatu, uso wake ukakunjamana kabla mpira haujatoka mkononi, na mpira ukafia njiani, ukadunda mbele yangu, ukanipiga kwenye kifua. Sabini na nne.

Abi akabaki ameinama, mkono wa kulia kaukumbatia kwa wa kushoto kama mtu aliyebeba kuku.

"Bado saba," nikasema. Aliyesema ni mimi.

Yule kijana alishaiingiza tochi kwenye mfuko wake. Akavuta zipu taratibu, mtu mwenye adabu.

"Asanteni sana," akasema. "Mnisalimie mama yenu."

Wakikwambia umsalimie mama, imekwisha. Gari lake likatoka, tope likaruka kidogo, likapotea kwenye mikorosho ya kona.

Nikavua kinyago cha mdakaji. Nikamwendea Abi pale juu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno, kwamba tutapasua Juni, mwaka unapita upesi, kuna vyuo vinachukua vijana waliopona, tutaanza upya, mimi nitakuwa hapa. Kijasho kilikuwa kinamtiririka kwenye sikio. Hakuwa analia.

"Umeusikia?" akaniuliza.

"Nini?"

"Mpira. Kwenye glavu. Ulikuwa unalia vipi?"

"Umepumzika muda mrefu, lazima..."

"Novemba ulikuwa unalia hivi?"

Nikaanza kukung'uta tope kwenye kinyago.

"Nakuuliza kama mdakaji, siyo kama kaka. Novemba."

"Karibu na hivi," nikasema. "Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa njia na anataka asiisahau. Kiwiko bado alikuwa amekishika.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na Jumapili ukanipeleka."

"Nilikupeleka uonekane, Abi. Wote waje wakuone. Nilitaka..."

"Uonekane," akasema. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. "Kaka, wale wa orodha walikuwa wameniona tangu Agosti, kwenye mashindano ya shule. Kocha aliniambia. Nilikuwa nimeshaonekana."

Nikajifanya nakaza kamba ya glavu.

"Arroyo ulikuwa unampeleka nani?"

Alisubiri jibu. Hilo ndilo linaloniua, alisubiri kweli, alinipa muda, kama vile bado kuna neno moja nililonalo la kumtengenezea jambo hili, kama nilivyokuwa namfunga kamba za viatu. Nikatazama glavu yangu. Nikatazama tope.

Akashuka kichuguuni upande wa pili, mbali na mimi, mkono ameubeba, akaondoka.